Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Juzi nilinunua kufuli ya shaba sokoni, hapa Kolwezi, kwa ajili ya mlango wa jikoni. Nilirudi nayo mkononi, bila mfuko, jua likiwaka. Nilipofika nyumbani nikainua kiganja kujipangusa uso, na harufu ikanikamata hapohapo mlangoni. Ninyi wa umri wangu mliolelewa katika kambi za wafanyakazi mnaijua: kali kidogo, kama damu ya jino lililong'oka, inayotoka shaba inapokutana na jasho. Wajukuu wangu hawaijui. Kwangu mimi ni harufu ya shingo ya baba.

Baba alivaa jetoni. Kwa wale ambao hawakuiona, ni kisahani cha shaba kinachoenea katikati ya kiganja, kimetobolewa tundu la kupitishia kamba, na usoni kimechongwa nambari. Kila mwanamume aliyeandikwa kazi na Kampani ya mgodi wa shaba alipewa ya kwake. Kwenye lango la shimo la Musonoi palikuwa na kibanda cha karani, na ndani yake ubao mkubwa uliopigiliwa misumari kwa safu. Ukiingia kazini unaivua jetoni, karani anaitundika kwenye msumari wako. Ukitoka, unaichukua. Hivyo ndivyo walivyojua nani yumo shimoni na nani ametoka. Majina hayakuhitajika, na sikumbuki kumsikia bwana yeyote wa pale akimwita baba kwa jina lake. Walimwita kwa mkia wa nambari, "Thelathini na Moja," kama vile hata nambari yake nzima ilikuwa nyingi mno kwa mtu kama yeye.

Nambari nzima ilikuwa 30 031.

Baba alifika kwa treni kutoka Kasai akiwa kijana. Alikuwa amesoma miaka mitatu tu kwa wamisionari, na katika miaka hiyo mitatu kitu kimoja kilimwingia damuni: kugawanya. Kazi yake shimoni ilikuwa kutoboa mwamba matundu ya baruti, na alirudi nyumbani mikono ikimtetemeka hadi kijiko cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kikagonga sahani. Lakini akishika kipande cha mkaa na kuinama juu ya sakafu yetu ya saruji, mkono ulitulia. Shuleni kwetu wasichana tulipewa jedwali la kuzidisha mpaka kumi na mbili, kisha tukapewa sindano na uzi, wavulana wakaendelea na hesabu. Nilipomwambia, baba hakugomba. Alisogeza meza, akaandika nambari yake sakafuni kwa tarakimu kubwa, akanipa mkaa.

"Pasua hii, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Anzia mu mbili."

Niligawanya kwa mbili. Ikabaki moja. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, hesabu iliyonichukua muda mrefu na kunichafua mpaka viwiko, moja. Nikarudi kwa nne niliyoiruka, zikabaki tatu, nami nikanuna, nikadhani nimeharibu.

"Acha nne," baba alisema. "Kitu chenye kukataa kupasuka mu mbili, mu nne kitapasuka namna gani? Nne si ni mbili na mbili? Jaribu tu zile zenye hazipasuke zenyewe."

Nimefundisha hesabu karibu maisha yangu yote, na sijapata maneno mazuri kuliko hayo ya kuelezea jambo hilo. Basi niliiacha nne, nikaruka sita, nane, tisa na kumi. Kwa kumi na moja ikabaki moja. Kwa kumi na tatu, ambayo haikuwemo hata katika jedwali la shule, baba na mimi tulipiga magoti pamoja, vichwa vikigusana, na ikabaki moja.

Alikaa chini akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. "Unaona? Banagawanya, banagawanya, na miye nabaki."

Siri ya jambo hili niliielewa baadaye, na si ngumu hata kidogo. Shikeni kalamu mjaribu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Tata Mulumba, yaani Baba Mulumba, alifika kwa treni ile ile na baba, na siku ya kuandikwa kazi alisimama mbele yake kwenye mstari. Nambari yake ilikuwa 30 030. Sasa zidisheni mbili mara tatu, mara tano, mara saba, mara kumi na moja, mara kumi na tatu. Mtapata 30 030 barabara. Ndiyo maana nambari ya Mulumba iligawanyika kwa hizo zote bila kubakiza kitu, na ndiyo maana ya baba, iliyokuwa mbele yake kwa moja tu, ilibakiza moja kila mara. Laiti wanaume hao wawili wangepishana kwenye mstari kwa sababu ya kufunga kamba ya kiatu, mambo yangegeuka.

Mulumba alikuwa mnene, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake. Aliposikia habari hii alikuja na jetoni yake mkononi.

"Na miye! Na miye, mutoto apasue yangu!"

Nikapasua. "Yako inapasuka mu byote, tata. Mbili, tatu, tano, saba, yote. Hakuna kintu inabaki."

"Ndiyo ile!" alipiga kelele. "Bibi yangu anakula, batoto banakula, bashemeji banatoka Kasai banakula, miye nabaki na mufupa!" Kisha akamgeukia baba, akamtikisia kidole. "Na weye usijivune, Tata Moya-Inabaki. Mutu akitoa Mulumba ndani yako, weye uko moya tu!"

Jina likamganda baba. Safu nzima ya nyumba zetu ikamwita Moya-Inabaki.

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimeelewa jambo ambalo nilidhani wao hawaoni. Kila baada ya muda mtu fulani alirudi kutoka shimoni akiwa amevunjika: kidole, bega, kifua. Nilichungulia jetoni zao. Jirani aliyepoteza vidole viwili alikuwa na nambari iliyoishia na tano. Aliyevunjika mguu, nambari yake iligawanyika kwa tatu. Leo najua kwamba ukishika nambari zozote mkononi, nyingi mno zitagawanyika kwa kitu fulani, na kwamba nilikuwa naona kile nilichokitafuta. Wakati ule ilikuwa wazi kama mchana. Shimo lilikuwa na njia yake ya kugawanya watu, na aliyegawanyika alivunjwa. Baba hakugawanyika. Nilimhurumia sana Tata Mulumba. Akija kula kwetu nilimwongezea bukari, ugali wetu, kwa siri, nikiamini siku zake zimehesabiwa.

Ikawa desturi ya nyumba. Kila asubuhi kabla ya kwenda, baba alisimama mlangoni, kofia ya kazi kwapani, akauliza, "Mama, inabaki ngapi?"

"Moya, tata."

Aligonga jetoni mara moja kwenye fremu ya mlango. "Basi niende."

Mama yangu aliona ni mchezo. Baba pia, nadhani, aliona ni mchezo.

Aliyeniharibia alikuwa karani, na hakukusudia ubaya. Mchana nilikuwa nikimpelekea baba chakula langoni. Karani alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyesoma mpaka mwisho wa shule iliyoruhusiwa mtu mweusi wa mahali petu. Siku moja alitoa kichwa dirishani.

"Ndiyo weye binti ya Moya-Inabaki? Banasema unajaribu kupasua nambari yake."

"Nilijaribu mpaka kumi na tatu, Tata Karani. Haipasuke."

"Na kisha kumi na tatu?"

"Nilikoma."

"Ulikoma juu ya nini? Nambari ndiyo ilikwisha, ao ni weye ulichoka?"

Naye, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na foleni na kwa sababu alipenda kuonyesha anachokijua, alinifundisha kanuni. Kitu kikigawanyika, alisema, kinakuwa vipande viwili vilivyozidishwa, na vyote viwili haviwezi kuwa vikubwa. Kwa hiyo jaribu mpaka ufike kwenye nambari ambayo ikijizidisha yenyewe inapita hii yako. Aliandika kwenye ukingo wa gazeti, akazidisha, akafuta, akazidisha tena. "Mia moja sabini na tatu," alisema. "Ukifika pale na haijapasuka, enda ulale. Haitapasuka tena."

Ni kanuni sahihi. Nimewafundisha wanafunzi wangu kwa maneno karibu na hayo, na kila mara nimesikia kibanda kile kikinuka wino na shaba.

Niliianza kazi alasiri hiyo hiyo, mama akiwa kisimani. Kumi na saba: zilibaki tisa. Haikuwa moja tena, lakini nikajiambia kwamba tisa si sifuri. Kumi na tisa: kumi na moja. Niliendelea kesho yake na kesho kutwa. Sakafu ilijaa, nikahamia ukutani nyuma ya mlango, mahali mama alipotundika fagio. Hamsini na tatu: zilibaki thelathini na tatu. Iliyofuata ilikuwa hamsini na tisa. Niliandika tano, na nikachukua tano mara hamsini na tisa. Ikaja sifuri katikati. Kisha tisa. Nikazidisha tisa kwa hamsini na tisa, nikaweka chini ya kilichobaki, nikatoa.

Hakikubaki kitu.

Nilirudia mara nne. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa ni elfu thelathini na thelathini na moja. Ni mara ngapi baadaye nimewaandikia watoto ubaoni hesabu hiyo, nikawaona wakishangaa na kufurahi. Kwa maana mpaka hapo njia haidanganyi: mbili mara tatu ongeza moja ni saba, haigawanyiki. Ukiendelea hivyo, ukizidisha kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kila mara ukiongeza moja mwishoni, unapata 31, kisha 211, kisha 2 311, na hakuna hata moja inayogawanyika. Unaanza kuiamini. Ndipo inakuja ya baba, na inapasuka, lakini mbali, mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki. Mimi siku ile sikushangaa wala sikufurahi. Niliona nimetoboa tundu kifuani mwa baba yangu kwa mkaa.

Nilichukua kitambaa nikafuta sakafu. Ukuta wa nyuma ya mlango sikuuwahi vizuri. Mama alikuwa amerudi na ndoo. Msiniulize kwa nini sikumwambia baba jioni hiyo. Mtoto anadhani kwamba neno lisiposemwa halijatokea.

Asubuhi alisimama mlangoni, kofia kwapani.

"Mama, inabaki ngapi?"

Nilitazama miguu yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba mpya.

"Mama?"

"Moya, tata."

Aligonga fremu. "Basi niende."

King'ora kililia kabla sijaondoka na chakula. Kila mtu wa kambini alijua milio ya zamu, na huu haukuwa wa zamu. Wanawake walitoka jikoni na mikono yao yenye unga, wakakimbia bila kusemezana. Mama alinishika mkono, akaniburuta. Tulisimama nyuma ya uzio, mkabala na dirisha la karani, na kutoka pale ubao ulionekana wote, ukimetameta kwa shaba.

Walianza kutoka. Wote walikuwa na rangi moja, ile ya vumbi jekundu, na kila mke alinyoosha shingo kutafuta mwendo anaoujua. Kila mwanamume alipita dirishani, karani akachomoa jetoni, akampa bila kumtazama usoni. Msumari mmoja ukawa mtupu, na mwingine, na mwingine. Tata Mulumba alitoka karibu na mwisho. Hakuwa na sauti. Msumari wake ulikuwa ubavuni mwa ule wa baba, na karani alipovuta ya Mulumba, ya baba ilitikisika, ikacheza kidogo juu ya msumari wake, kisha ikatulia.

Ubao mzima ulikuwa mtupu, na moja ilibaki.

Mama hakujua kusoma, lakini alipajua mahali ulipo msumari ule. Aliniachia mkono.

Walimtoa kabla ya jioni. Kwenye matanga Mulumba alikaa chini, mgongo ukutani, na alisema jambo lile lile kwa kila mtu aliyeingia. "Kapita, mukubwa wetu wa kazi, alisema mara tatu, ule ukuta uko na ufa. Mara tatu! Bwana akajibu mawe ya shaba haingoje. Banatutuma chini yake. Mara tatu alisema." Wazee walimwambia anyamaze, maana kambi ilikuwa na masikio. Nilimsikia vizuri. Nilielewa kila neno, na nilimwonea huruma kwa kutojua ukweli. Ukuta? Ufa? Mimi nilijua kilichomuua baba. Kilikuwa kimeandikwa nyuma ya mlango, karibu na fagio, na nilikuwa nimemdanganya usoni ili aende.

Mama aliomba kitu kimoja tu. Alikwenda kibandani na kitenge cha msiba kichwani, akanichukua niwe naye.

"Tata Karani, munipe ile shaba yake. Nimuzike nayo."

Karani alizitazama kalamu zake. "Mama, mwili ni wenu. Ile ni kintu ya Kampani."

"Ni jina lake mulimuitia. Sasa munamunyima hata ile?"

"Mama, nambari haikae bure. Kuko mutu atakuja."

Akaja, kabla mwezi haujaisha. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imepata mtu mwingine, basi siku moja tulifunga vyombo vyetu ili wengine wafungue vyao. Walitoka upande wa Dilolo: baba kijana mwenye aibu, mke, na binti mmoja mdogo kuliko mimi, aliyesema anaitwa Josefina. Yule kijana alimsalimu mama yangu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamwomba radhi kwa jambo ambalo hakuwa na kosa nalo. Alipoinama, jetoni ilining'inia kutoka shati lake. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa. Sikuwa nimewahi kuiona iking'aa. Jasho lote la baba lilikuwa limetolewa.

Watu wazima walikuwa nje wakipakia vyombo kwenye lori. Josefina aliingia akizunguka nyumba yake mpya, akagusa kila kitu, akafika nyuma ya mlango.

"Yaya," aliniita, kama dada yake mkubwa, "ni nini banaandika huku?"

Ningeweza kumwambia ni michoro. Ningeweza kumwambia, tena kwa upole, kama ninavyowaambia watoto leo, njoo nikuonyeshe jambo zuri. Nilimtazama. Alikuwa na baba, na baba yake alikuwa na nambari ya baba yangu, na usiku ule angelala palipokuwa kitanda changu.

"Ni nambari ya tata yako," nilisema. "Inapasuka."

"Inapasuka?"

"Mu makumi tano na tisa. Wenye nambari ya kupasuka, shimo linabapasua. Na usimwambie mutu."

Hakulia. Alirudia polepole, makumi tano na tisa, makumi tano na tisa, kama mtoto aliyetumwa dukani akiogopa kusahau. Kisha mama akaniita na tukaondoka.

Nilirudi Kolwezi nikiwa mwalimu, bendera nyingine ikipepea. Tata Mulumba, yule aliyegawanyika kwa kila kitu, yule niliyemwongezea bukari nikidhani atakufa, aliishi mpaka akaota mvi za nyusi na akafa kitandani mwake, wajukuu wakigombania redio yake. Kabla ya hapo nilimwambia. Nilikuwa tayari mtu mzima mwenye watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alianza kucheka, akakoma katikati.

"Mama," alisema, "ule ukuta haukujua kuhesabu. Wenye kujua kuhesabu balikuwa juu, na wao banachagua mawe."

Siku hiyo nilijua hasira ya haki ni nini, na ni miaka mingapi nilikuwa nimejielekezea mwenyewe hasira iliyowastahili watu wengine. Tangu hapo, nikifika kwenye somo lile darasani, huandika nambari ya baba ubaoni na kuwaambia watoto mambo mawili: msikome mahali mlipochoka, na nambari haimjui mtu aliyeibeba. Ukipata sifuri, mwanangu, ni sifuri ya hesabu, basi.

Lakini mimi nilikuwa na Mulumba wa kunifungulia. Josefina nimemtafuta. Nimeuliza Musonoi, nimeuliza kwa watu wa Dilolo, nimeuliza kila mwanamke wa jina hilo niliyekutana naye. Sijui kama baba yake alitoka shimoni mzima. Sijui ni asubuhi ngapi binti yule alisimama mlangoni akimtazama akienda, amefunga mdomo kama nilivyomwagiza. Najua tu nilivyomwacha. Lori lilipoanza kuondoka niligeuka, nikamwona kwenye kizingiti, amechutama, amekunjua vidole vya mikono yake yote miwili na ameanza kuvihesabu kuelekea hamsini na tisa, na vidole vilipomwishia, akaanza tena.